Shajara ya mradi: ramani ya ukutani ya Uajemi ya kale, toka Koreshi mpaka Yazdegerd

6 Januari: wazo na vipimo

Wadau, naandika hii shajara ili mwenye maktaba ndogo ya mtaa kama yetu, au mwalimu wa historia, aichukue aifanye kwake. Tunatengeneza ramani kubwa ya kitambaa ya himaya tatu za Uajemi ya kale: Waakhameni (550 mpaka 330 KK), Waparthi (247 KK mpaka 224 BK) na Wasasani (224 mpaka 651 BK). Ramani ya chini ni moja tu, inaonyesha bahari, mito na milima basi, alafu kila himaya ina nailoni yake ya kupitisha mwanga, unaitundika juu unaona mipaka, unaitoa unaweka nyingine. Chini ya ramani unapita utepe wa miaka.

Kwa nini Uajemi? Sababu vijana wetu wanaijua vipande vipande. Waliokulia kanisani wanamjua Koreshi na Dario na yule Ahasuero wa kitabu cha Esta, waliopita madrasa wanamjua Kisra na Salman al-Farisi na wanajua Suratul Rum inaanza na habari ya Warumi kushindwa, shuleni wanakutana na Alexander na Wagiriki, na hakuna aliyewahi kuwakalisha akawaonyesha kwamba hao wote wanahusu ardhi ileile. Na sisi wa pwani tunasherehekea Nairuzi, Makunduchi wana Mwaka Kogwa, na mwaka ule wa jua asili yake ni Uajemi. Nilitaka kitu ambacho mtoto akisimama mbele yake anaona yote kwa pamoja.

Vipimo: upana mita 3, kimo mita 1.8. Kutoka Libya mpaka bonde la Indus, na kutoka Nubia mpaka mto Syr Darya. Kwa ukubwa huo sentimita 1 ni kama kilomita 17.

13 Januari: kitambaa

Marekani mita 7 kwa 4,000, jumla 28,000. Fundi cherehani kaunga mapande mawili na kukunja pindo, 6,000.

Tulianza moja kwa moja na rangi za kitambaa za 15,000 na ikabuma. Marekani mbichi inanyonya, ukichora pwani ya Mediterania mstari unasambaa mpaka Krete na Kupro zinashikana na bara. Rangi yote ile ikaenda bure. Dawa yake tumeipata: gundi nyeupe sehemu moja, maji sehemu nne, unapaka kitambaa chote kikiwa kimevutwa kwenye fremu, kikikauka unapaka koti mbili nyepesi za rangi nyeupe ya maji. Lita 4 za rangi 24,000, gundi 8,000. Koti ziwe nyepesi kweli, zikiwa nzito zinapasuka ukiviringisha. Na usikunje kamwe, viringisha tu.

27 Januari: kuchora

Projekta ya kuazima haikufaa, ukuta wetu ni mfupi na chumba hakina nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo picha ikapinda na Ghuba ya Uajemi ikatoka nene kama ziwa. Tukarudi kwenye njia ya zamani ya miraba: sentimita 30 kila mmoja, kumi kwa upana, sita kwa kimo, na ramani ndogo ya karatasi nayo tukaigawa hivohivo. Ilienda vizuri, hata wadogo wa darasa la sita wakashika penseli.

Majina tumeandika mawili mawili pale mtu anapofahamika kwa Biblia ama Quran. Cyrus ni Koreshi, Darius ni Dario, Xerxes ndo Ahasuero kwa wasomi wengi. Bila hivo kijana anasoma kadi nzima ya maelezo na hajui kwamba anayesomewa anamfahamu toka utotoni.

10 Februari: utepe wa miaka

Sentimita 20 kwa kila miaka 100, yaani milimita 2 kwa mwaka. Hapa angalieni sana, hakuna mwaka sifuri. Kutoka 1 KK unaingia 1 BK moja kwa moja, kwa hiyo 550 KK mpaka 651 BK ni miaka 1,200 na sio 1,201, na utepe unatoka mita 2.4 kamili. Tulikuwa tumeshaweka alama ya sifuri na ikabidi tufute upande mzima wa kulia.

Ukishapima ndo unashtuka. Waakhameni, hao wanaojaza vitabu, wana sentimita 44 tu. Waparthi wana 94, Wasasani 85 na ushee. Katikati kuna pengo la sentimita 16.6, enzi ya Alexander na Waseleuko, ukoo wa jenerali wake Seleuko. Waparthi walitawala kwa muda zaidi ya mara mbili ya ukoo wa Koreshi, alafu kadi tulizokuwa tumewaandalia zilikuwa mbili. Hilo limenifanya nibadili mpango wote wa kadi, nitalirudia chini.

24 Februari: nailoni ya kwanza, Waakhameni

Nailoni ngumu ya mezani ile isiyo na rangi, mita 10 kwa 5,000, ni 50,000, ndo kitu ghali kuliko vyote. Inatosha tabaka tatu. Upana wake haufiki kimo cha ramani, kwa hiyo kipande cha Misri na Nubia tumekiunga chini kwa soltepu pana. Makapeni za kudumu 12,000. Ukikosea unafuta kwa pamba na spiriti, na andika upande wa nyuma wa nailoni (maandishi yasome vizuri ukiwa mbele) la sivyo vidole vya watoto vitafuta ndani ya wiki.

Tulichora mpaka mmoja tukajaza rangi ya machungwa ndani, dola yote rangi moja. Ilipendeza lakini ilikuwa inadanganya. Mtu akiiangalia anadhani ilishuka siku moja ikiwa nzima. Kumbe ilikua kwa hatua, na kila hatua ina sababu zake: Koreshi anamwangusha Astyages mfalme wa Wamedi mwaka 550 KK, anachukua Lydia na mji wake Sardis uliojaa dhahabu, Oktoba 539 anaingia Babeli, anakufa 530 vitani huko kaskazini mashariki. Mwanawe Cambyses anachukua Misri 525. Alafu 522 Cambyses anakufa, kiti kinagombaniwa, dola inapasuka kila kona, na Dario ambaye hakuwa mtoto wa Koreshi anakuja kuishona upya kwa upanga. Mwenyewe ameandika kwenye jabali la Behistun kwa lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli, kwamba alipiga vita 19 akakamata wafalme 9 ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo tumefuta yote kwa spiriti tukaanza upya na mistari ya rangi tofauti: njano ya Koreshi, kijani ya Cambyses, nyekundu ya Dario mpaka Indus na Thrace. Ndani ya mipaka tumeweka majimbo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anataja 20, maandishi ya Dario yenyewe yanaorodhesha nchi kwa namna nyingine, sisi tumefuata maandishi ya mfalme sababu ndo sauti ya dola yenyewe. Kila jimbo lina satrapi, anakusanya kodi, anahukumu, anatuma askari, na barua za kazi zinaandikwa kwa Kiaramu kuanzia Misri mpaka Baktria. Sio lugha ya mfalme, ni lugha ambayo makarani wa Babeli na Ashuru walikuwa wanaitumia tayari. Nimeipenda sana hii, walichukua kilichokuwa kinafanya kazi wakakiongezea barabara.

9 Machi: barabara ya kifalme

Kutoka Sardis mpaka Susa, Herodotus anahesabu vituo 111, na kwa miguu safari ya siku 90. Tulinunua uzi na shanga 111, moja kwa kila kituo, 4,500. Tukauvuta uzi moja kwa moja toka Sardis mpaka Susa na shanga hazikuenea, zikapandana.

Tatizo ni mstari ulionyooka, barabara haikupita hivo. Herodotus anaigawa: Lydia na Phrygia vituo 20, Kapadokia 28, Kilikia 3, Armenia 15, nchi ya Matiene 34, na Kissia 11 mpaka Susa. Jumlisha, 111 zinatimia. Yaani njia inapanda kaskazini kwenye milima, inashuka na Tigris, ndo inaingia Susa. Tukashonea uzi kwa kufuata hizo nchi na shanga zikakaa zenyewe, kila moja na nafasi yake ya kama kilomita 22. Tarishi wa mfalme anabadili farasi kituoni na barua inaendelea. Kwa wanaoiga: shona barabara kwenye kitambaa cha chini, usiibandike kwenye nailoni, sababu njia nyingi zilikuwepo kabla ya Koreshi na zikabaki baada ya Alexander kuchoma Persepolis mwaka 330 KK.

30 Machi: dini, hapa ndo tulikwama

Kadi ya dini ilisema kwa kifupi, "Dini ya Waajemi: Uzoroasta", yaani dini ya nabii Zarathustra ambayo ishara yake ni moto, na tulikuwa tumeprinti vimoto vidogo vya kubandika kila jimbo, vyote pamoja na kadi nyingine 22,000. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akashika kimoja akauliza, "Kaka, kadi ya Koreshi inasema Marduk mungu wa Babeli ndo kamchagua aichukue Babeli, na Isaya 45 Koreshi anaitwa masihi wa Bwana, sasa huu moto hapa Babeli naubandika kwa ushahidi gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukasimamisha kazi tukaenda kusoma, na haya ndo tuliyoyapata.

Silinda ya Koreshi, ule udongo wa mviringo uliochimbuliwa Babeli 1879, inaongea lugha ya makuhani wa Babeli: Marduk amekasirika na mfalme wa zamani Nabonidus, ametafuta mtu mwadilifu, amempata Koreshi. Wafalme wa Babeli walikuwa wanaandika hivohivo wakijenga ukuta ama hekalu. Ndo maana tumekataa kuandika kwenye kadi kwamba ni "hati ya kwanza ya haki za binadamu", tumeandika ni maandishi ya msingi wa ujenzi, na kwamba inasema miungu iliyohamishwa ilirudishwa mahali pake. Hilo linatosha na ni kubwa. Wayahudi nao wakarudi Yerusalemu, hekalu likamalizika wakati wa Dario. Na hakuna maandishi ya Koreshi mwenyewe yanayomtaja Ahura Mazda, mungu mkuu wa Uzoroasta.

Dario anamtaja, tena kila mahali. Kwa neema ya Ahura Mazda nimekuwa mfalme, anasema Behistun, na maadui zake kosa lao ni moja, uongo. Ukisoma nyimbo za kale kabisa za Zarathustra, zile Gatha, unakuta vita hiyohiyo ya kweli na uongo. Lakini Zarathustra jina lake halimo hata kwenye andiko moja la wafalme wa Akhameni. Tena Dario na wafalme kadhaa waliomfuata walizikwa kwenye makaburi ya mawe pale Naqsh-e Rustam, wakati Wazoroasta wa baadaye hawakuwa wanazika maiti. Kwa hiyo kuna undugu mkubwa na Uzoroasta ila huwezi kuchukua dini ya kanuni na makuhani wa Wasasani ukairudisha nyuma miaka 700 ukambandika Dario.

Kilichomaliza ubishi ni vibao vya udongo vya Persepolis, vilivyopatikana 1933 na 1934. Ni vitabu vya ghala, vya kati ya 509 na 493 KK: fulani kapewa shayiri kiasi hiki, fulani divai, mama aliyejifungua kaongezewa posho. Na miungu nayo imo kwenye hesabu. Ahura Mazda anapata chake, lakini Humban, mungu wa kale wa Waelamu, anaonekana mara nyingi zaidi, na milima na mito nayo inapewa sadaka, zote kutoka ghala moja la mfalme, hapohapo nyumbani kwa Waajemi. Nilikaa na hilo muda mrefu. Serikali haikuuliza kuhani anamwamini nani, iliuliza posho yake imeandikwa wapi.

Sasa msichukue hapo mkaandika kwamba walikuwa watu wa amani tu. Waasi wa Kigiriki wa Ionia walipopigwa, hekalu la Didyma likachomwa 494. Xerxes alichoma mahekalu ya Athens 480, na ana andiko anajisifu kubomoa mahali walipoabudiwa "daiva", miungu ya uongo. Na kuna kesi ya kisiwa cha Elephantine, huko kusini mwa Misri, walipokaa askari Wayahudi wa mfalme na hekalu lao. Mwaka 410 makuhani wa mungu Khnum, jirani zao, wakishirikiana na kamanda wa Kiajemi wa pale, wakalibomoa. Wayahudi wakaandika barua 407 kwa Bagohi gavana wa Yuda, wanalia, wamefunga, wamevaa magunia, wanaomba ruhusa. Jibu likaja: lijengwe pale pale lilipokuwa, sadaka ya nafaka na ubani zitolewe. Sadaka ya kuteketeza wanyama haikutajwa. Kwangu hii barua ndo inaonyesha utawala ule ulivyokuwa kuliko sifa zote za wafalme: ulinzi wa hekalu lako ulikuwepo, ila ulitegemea gavana gani kaamua kukusikiliza.

Marekebisho: kadi zimeprintiwa upya, 9,000. Stika sasa ni za aina tatu. Bluu ni mungu wa mahali aliyeheshimiwa na mfalme (Marduk Babeli, Bwana Yerusalemu, miungu ya Misri, Humban). Dhahabu ni pale mfalme mwenyewe anapomtaja Ahura Mazda (Behistun, Naqsh-e Rustam, Persepolis, Susa). Nyeusi ni mahali patakatifu palipobomolewa. Vimoto vyote tumevitunza, vina kazi yao mbele.

20 Aprili: Waparthi

Hawa tumewapa kadi kumi sasa badala ya mbili. Ugumu wao ni kwamba hawakuacha maandishi marefu ya kujisifu kama Dario, mengi tunayasikia kwa maadui zao Warumi. Tulijaribu kuwachorea majimbo kama ya Waakhameni na ikagoma, sababu chini ya mfalme wao kulikuwa na wafalme wengine wadogo, Armenia, Elymais, Hatra, kila mmoja na mji wake. Tumetumia mistari ya nukta badala ya mipaka ya kufunga. Vita vya Carrhae 53 KK tumeviwekea kadi kubwa, pale wapiga mishale wa farasi wa Surena, jenerali wa Waparthi, walipomaliza jeshi la Crassus wa Roma.

Upande wa dini stika zimechanganyika kuliko popote: Wayahudi wa Babeli, mungu jua wa Hatra, sarafu zenye maandishi ya Kigiriki, na An Shigao, Mparthi aliyefika Luoyang China mwaka 148 BK akawa anatafsiri vitabu vya Kibudha. Huyo vijana wamempenda kuliko Crassus.

11 Mei: Wasasani

Hapa vimoto vimepata kwao. Ardashir anamuua mfalme wa mwisho wa Waparthi mwaka 224, na sarafu yake upande mmoja ina uso wake, upande wa pili madhabahu ya moto. Kiti cha enzi na madhabahu vinaenda pamoja sasa. Kuhani Kartir amechonga maandishi yake mwenyewe karibu na makaburi ya Waakhameni, anasema moto mwingi umewashwa na makuhani wameheshimiwa, na Wayahudi, Wabudha, Wahindu, Wakristo na wafuasi wa Mani wamepigwa. Mani, nabii aliyeanzisha dini yake mwenyewe, alifia gerezani kwenye miaka ya 270. Avesta, kitabu kitakatifu cha Wazoroasta, nayo iliandikwa kwa herufi maalumu zama hizi, kabla ya hapo ilikuwa inabebwa vifuani mwa makuhani.

Tatizo la tabaka hili lilikuwa kinyume na la kwanza, watoto walitaka kubandika nyeusi kila mahali. Lakini Yazdegerd wa kwanza ndo aliyeruhusu maaskofu wakutane Seleukia-Ktesifoni, mji mkuu wake, mwaka 410, kanisa la Mashariki likapata mfumo wake chini ya mfalme Mzoroasta, na Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkuu wa mafundisho ya Wayahudi, ilikusanywa chini ya hawahawa. Alafu Shapur wa pili huko nyuma alikuwa ameua Wakristo wengi, kipindi ambacho Roma imegeuka ya Kikristo na kila Mkristo akaonekana mtu wa adui. Tumeandika mwaka kwenye kila stika, bila mwaka stika ya dini kwenye ramani hii haina maana.

Mwisho wa utepe: Kisra Khosrow wa pili anachukua Yerusalemu 614, Warumi wanarudisha pigo, Waarabu Waislamu wanawashinda Wasasani Qadisiyya na Nihavand 642, na Yazdegerd wa tatu anauawa Merv 651.

1 Juni: hesabu na kilichobaki

Mbao na ndoano za kutundikia 18,000. Jumla yote 196,500, ndani yake 24,000 ni hasara: rangi zilizosambaa na kadi tulizorudia. Ukipaka gundi kwanza na ukianza na stika za aina tatu, utatumia 172,500.

Bado tabaka la Waseleuko la kujaza lile pengo, nailoni imebaki kipande kidogo, itabidi tununue. Na bado kadi ya ngazi za Apadana, ukumbi wa mfalme pale Persepolis: wajumbe wa mataifa 23 wamechongwa wakipeleka zawadi, na wa mwisho ni Wanubi, wameshika pembe ya ndovu na wanaongoza mnyama ambaye wengine wanasema twiga, wengine okapi. Dario mwenyewe anasema baadhi ya pembe za ndovu za jumba lake la Susa zilitoka Kushi, yaani huko Nubia. Kadi hiyo itatundikwa chini kulia, usawa wa macho ya wadogo, na uzi utatoka hapo mpaka Susa.